Gari Lisilojua Kusubiri

Wewe unayesoma hapa, ungempa binti yako fundi wa magari ambaye gari alilokuja nalo kumchukua limezima mlangoni pako?

Usiharakishe kujibu. Shangazi Ndihokubwayo wa Heru Juu alikuwa na jibu lake tangu zamani, na jibu hilo halikuhitaji kikao. Katika ukoo wake, siku ya kumtoa bibi harusi, gari la upande wa mume lilipaswa kuingia uani likinguruma na kuendelea kunguruma mpaka bibi harusi aketi na mlango ufungwe. Mashangazi waliokuwa ndani hawakuwa na haraka hata kidogo. Waliimba, wakamfunga binti kilemba, wakakifungua, wakakifunga upya, wakamnong'oneza mambo yao, na muda wote huo masikio yao yalikuwa nje. Injini ikizima, wimbo unakatika, mlango unafungwa, na harusi inarudi kwenye mazungumzo. Upande wa mume una mawazo mawili, walisema, na gari limewasema.

Hakuna aliyekumbuka nani aliuanzisha mtindo huo. Babu zao hawakuwa na magari, kwa hiyo hauwezi kuwa wa kale, lakini Shangazi Ndihokubwayo aliulinda kana kwamba ulishuka na mvua ya kwanza. Miaka michache nyuma, gari la bwana harusi mmoja kutoka Buhigwe lilizima uani pake binti akiwa ameshafika kizingitini. Binti alirudishwa ndani na shela lake. Ndoa ilikuja kufungwa baada ya mavuno ya maharage, na mpaka leo yule bwana akipita Heru Juu watoto humwigia mlio wa stata inayoshindwa.

Safari hii, sasa, bwana harusi alikuwa fundi.

Jina lake lilikuwa Niyibizi, ingawa mjini Kasulu wengi walimwita Chanzo. Jina lilitoka ukutani. Alipomaliza chuo cha ufundi na kufungua gereji kando ya barabara ya kwenda Kibondo, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa jeki bali kopo la rangi nyekundu, akaandika ukutani kwa herufi za kuonekana kutoka upande wa pili wa barabara: TAFUTA CHANZO. Mafundi wenzake walicheka. Walisema kijana amechanganya gereji na mkutano wa hadhara. Kwao kazi ilikuwa nyepesi: gari likikohoa badilisha plagi, likikohoa tena badilisha koili, likiendelea mwambie mwenyewe injini imechoka. Niyibizi aliuita mtindo huo ramli. Kutoa kifaa kizima kwa kukisia, kwake, kulikuwa wizi hata kama mwenye gari ndiye aliyeomba aibiwe.

Alikuwa na maneno mengi, tukubali. Aliweza kuanzia kwenye kichujio cha hewa akaishia kwenye bajeti ya taifa. "Nchi hii," alipenda kusema akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, "imejaa watu wanaopandisha silensa."

Silensa ni ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta. Ikianza kuyumba, fundi mvivu huipandisha kwa kukaza skrubu. Injini inapiga kelele zaidi, haizimi tena, mteja anaondoka anashukuru, na ugonjwa umebaki pale pale. Ndivyo tulivyo, iliendelea kusema ile miguu. Daraja likipasuka tunalipaka rangi. Kisima kikikauka tunaweka jiwe la uzinduzi. Kelele inapanda, ugonjwa haujaguswa. Wateja walimsikiliza mpaka mwisho, kwani funguo zao zilikuwa mfukoni mwake.

Babu yake alivuka mpaka kutoka Burundi na mke, jembe na mbuzi. Baba yake alipata uraia, akalima muhogo Nyakitonto mpaka mgongo ukakataa. Niyibizi mwenyewe alizaliwa huku, akasoma huku, na Kiha chake hakuna aliyeweza kukitofautisha na cha watu wengine isipokuwa Shangazi Ndihokubwayo, aliyekitofautisha kila alipofungua kinywa. Siku ya posa, wazee walipomaliza yao, shangazi aliuliza kijana atakuja kumchukua Esteri, binti wa kaka yake, kwa usafiri gani. Baba mdogo wa Niyibizi alikuwa amemwonya mapema: ukiulizwa jambo lolote, sema tutaona. Niyibizi akasimama akasema atakuja na gari alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

"Gari kukimbia naliona kila siku barabarani," shangazi akamjibu. "Na watu wa kwenu mnajua kuondoka, hilo halinipi shaka. Mimi nataka kuona kama mnajua kusubiri."

Watu walicheka. Esteri hakucheka. Alimtazama Niyibizi kwa macho yaliyosema umejitakia mwenyewe, kisha akatazama chini kuficha tabasamu. Esteri aliuza mbegu na dawa za mimea mjini, na Niyibizi alimwona kwa mara ya kwanza akiwa kwenye matope ya barabara ya Nyakitonto, viatu mkononi, anasukuma gari ambalo abiria wengine wote walikuwa wamebaki ndani yake. Alijua siku ile ile. Fundi hapati mtu wa namna hiyo mara mbili.

Gari lenyewe lilikuwa la Omary, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Omary alilinunua kwa mtu wa Kibondo, na huyo mtu wa Kibondo alikuwa amelipenda kupita kiasi. Lilikuja kutoka Japani likiwa gari dogo la familia, la kupeleka watoto shule. Yeye akaliinua springi mpaka likawa limesimama juu kama mtu anayevuka maji na suruali mkononi, akalivika matairi mapana, akalitolea injini yake na kulipa injini kubwa ya gari jingine, kisha akabandika kioo cha nyuma maandishi ya njano: HATUZIMI.

Lilizima kila mahali. Lilizima kwenye kizuizi cha polisi, likazima nje ya benki, likazima mbele ya msikiti huku waumini wakitoka na kulisoma mgongoni. Ajabu yake ni kwamba asubuhi liliwaka vizuri na kutulia. Barabarani lilikwenda kama upepo. Ila ukishalitembeza kidogo, ukasimama, ukaliacha lingurume, shida inaanza: silensa inapanda, inashuka, inapanda tena, kama mtu anayepanda ngazi na kusahau alichofuata juu. Kisha linatetemeka lote, taa na vioo, na kufa.

Omary alikubali kulitoa kwa ajili ya harusi kwa sharti moja, kwamba Niyibizi aliponye kabisa. Magari mengine mjini yalikuwa yameshachukuliwa, maana mavuno yalikuwa yamekwisha na kila Jumamosi ilikuwa na harusi zake. Hata yangekuwepo, ahadi ilikuwa imeshatoka mdomoni mbele ya ukoo mzima.

Wiki ile yote Niyibizi alikuwa kichwa chini ndani ya boneti. Alitoa plagi, akazikuta nyeupe kama mfupa ulioanikwa, dalili kwamba injini inavuta hewa nyingi kuliko mafuta inayopewa. Alichomeka mashine ya kupima, nayo ikamwambia hivyo hivyo, kwa hiyo haikuwa imemsaidia sana. Alisafisha koo la hewa. Alifungua kile kivalvu kinachotunza silensa, akakiosha, akakirudisha. Alishika bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, akasikiliza kila pembe kama daktari anayesikiliza kifua. Hewa ilikuwa inaingia mahali isipopaswa. Ila wapi?

Kuna njia ya kumkamata mwizi wa hewa. Unapuliza petroli kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na mabomba huku injini inanguruma. Palipo na tundu, injini inainywa ile petroli na mlio unabadilika. Niyibizi aliifanya njia hiyo asubuhi ya Jumanne, akairudia Jumatano, akairudia Alhamisi, akiwa amevaa koti zito kwa baridi ya huku juu. Siku zote mlio haukubadilika hata kidogo. Na aliifanya asubuhi kwa sababu nzuri: hakuna fundi mwenye akili timamu anayepuliza petroli kwenye injini ya moto. Alikuwa amewafundisha hivyo hata wapinzani wake. Ni kanuni njema, imeokoa gereji nyingi, na kwa wiki nzima ndiyo iliyomfumba macho.

Ijumaa mchana Omary alitoka msikitini akaja moja kwa moja, kanzu nyeupe imenyooka, akasimama mbali na mafuta machafu.

"Chanzo, umekipata?"

Niyibizi alisema bado.

Omary aliliwasha gari, akalizungusha mpaka sokoni na kurudi, akaliacha lingurume. Walisimama wakalitazama pamoja. Lilianza kupanda ngazi zake. Likatetemeka. Likafa. Omary alivua kofia, akaivaa tena. Kisha, taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari ya waganga wa kienyeji, alisema jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelifikiria tangu Jumatano. Kwa nini asiipandishe silensa? Skrubu ile pale. Lingurume kwa nguvu asubuhi moja tu, mashangazi wasikie, bibi harusi aingie, na Jumatatu waendelee kutafuta chanzo kwa raha zao.

Lazima nimtetee Niyibizi hapa, kwa sababu watu wenye misimamo huonekana kama hawana tumbo wala moyo. Aliitazama ile skrubu. Alimfikiria Esteri amekaa na shela ndani ya chumba, anarudishwa kwa sababu ya hewa isiyoonekana. Alichukua bisibisi. Aliiweka ncha kwenye skrubu, akaizungusha kidogo, injini ilipowashwa tena ikapiga kelele kubwa ya uhakika, haikuzima, na Omary akapiga makofi.

Walisimama wakaisikiliza. Lilikuwa linanguruma kama mtu anayekuhakikishia kwa sauti kubwa kwamba hajalewa. Ukuta ulikuwa nyuma yao na maandishi yake mekundu.

"Nikimchukua kwa kelele hii," Niyibizi alisema mwishowe, "nitakuwa nimeanza ndoa kwa kumdanganya shangazi, na Esteri atakuwa anajua. Yule ana masikio." Akairudisha skrubu ilipokuwa. Gari likazima.

Omary alisema haya, kesho tutamsukuma shangazi mwenyewe.

Wakati huo Bi Kuruthumu alikuwa anapiga kanga hewani. Bi Kuruthumu, ambaye bibi yake alitoka Ujiji na ambaye hakuruhusu mtu yeyote asahau jambo hilo, alipika chai na maandazi chini ya banda la mabati lililopakana na gereji. Wiki nzima alikuwa na ugomvi na Niyibizi juu ya nyuki. Walikuwa wanakuja mchana, wanazunguka-zunguka kati ya gereji na banda lake, wanatua kwenye vikombe vya wateja, na mteja mmoja alikuwa ameondoka na andazi lake bila kuketi. Bi Kuruthumu alimtaka Niyibizi awaondoe nyuki wake. Niyibizi alisema si wake, wamefuata sukari ya chai, na kama anataka waondoke apunguze sukari, tena itasaidia afya ya taifa. Mjadala ulikuwa umefikia hapo siku nne mfululizo.

Ijumaa ile alikuja na kanga yake mkononi mpaka kwenye boneti.

"Wee bwana harusi. Sukari yangu ina miaka mingi hapa kuliko gereji yako, na hatujawahi kuona nyuki. Halafu niambie: asubuhi sukari yangu si sukari? Mbona asubuhi hawaji? Wanakuja mkishaliwasha hili dubwana likapata moto. Likipoa wanaondoka. Sasa hiyo sukari iko kwangu au iko kwenu?"

Omary alianza kucheka. Niyibizi hakucheka. Alibaki ameinua bisibisi hewani kama mtu aliyepigwa picha.

Nyuki wanakuja gari likipata moto. Ugonjwa unakuja gari likipata moto. Asubuhi hakuna nyuki, asubuhi hakuna ugonjwa.

Alimwomba Bi Kuruthumu asiwafukuze tena. Bi Kuruthumu alimtazama Omary kuuliza kama rafiki yake ana homa. Niyibizi aliliwasha gari, akakanyaga mafuta mpaka injini ikapata moto wa kutosha, akalizima mwenyewe kabla halijazima kwa hiari yake, akafungua boneti yote na kurudi nyuma hatua chache. Wote watatu walisimama kimya, yule wa kanzu, yule wa kanga na yule wa ovaroli, wakisubiri wadudu.

Alikuja mmoja. Alizunguka juu ya betri, hakupendezwa. Akapita kwenye kichujio, akapanda, akashuka, akaingia nyuma kabisa ya injini, kwenye kona nyembamba karibu na ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Hakutoka. Akaja wa pili, akaingia huko huko bila kuuliza njia.

Niyibizi alichukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Kwenye kioo aliona bomba dogo la chuma linalotoka kwenye njia ya hewa, lisiloelekea popote, na mdomoni mwake kofia nyeusi yenye vumbi. Alikuwa ameiona kofia ile kwa kioo hicho hicho tangu siku ya kwanza. Kila gari lina vibomba vya ziada vilivyofunikwa kwa kofia ya mpira, na hii ilifanana nazo kabisa. Aliwapungia nyuki kwa upole, akaingiza mkono, akaigusa.

Ilibonyea. Haikubonyea kama mpira, ambao unarudi. Ilibonyea na kubaki imebonyea, na kidole chake kilipotoka kilikuwa kinanata. Alikinusa. Halafu akamnusisha Omary.

"Asali," Omary alisema.

"Nta," Niyibizi alisema. "Nta ya nyuki. Washa gari."

Omary aliingia na kanzu yake nyeupe kwenye kiti chenye mafuta bila kukumbuka. Gari liliwaka, likaanza kupanda ngazi zake, likaanza kutetemeka. Niyibizi alibana ile kofia kwa kidole gumba, kwa nguvu, akiziba pande zote. Injini ilishusha pumzi. Hakuna namna nyingine ya kuieleza. Ilitulia pale pale, mlio ukawa mmoja, mwembamba, wa usawa. Alipoondoa kidole, ikayumba. Alipokirudisha, ikatulia. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kidole kinaungua, kwa sababu ilikuwa inampa raha.

Alipoing'oa ile kofia, kumbe ndani yake mlikuwa na kijiti kilichochongwa vizuri, kimezungushiwa kitambaa, na juu yake nta imekandwa kwa ustadi. Kwa baridi ya asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe na haipitishi kitu. Injini ikipata moto, nta inalainika, hewa inapenya kandokando ya kijiti. Likipoa, nta inakauka na kujiziba upya. Gari lilikuwa linajitibu kila usiku na kuugua kila mchana.

Omary alimpigia simu mtu aliyemuuzia, naye akawapa namba ya fundi wake, Bazilio wa Kibondo. Simu ikiwa inaita, Niyibizi aliandaa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, ilianzia kwenye kijiti na ingeishia kwenye mustakabali wa viwanda. Bazilio alipoelezwa aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Ile bado ipo?" Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa fundi wa magari siku za kawaida na mlinaji asali msimu wake ukifika. Alipoipachika ile injini kubwa, kibomba kimoja kilibaki hakina kazi, na siku hiyo Kibondo nzima haikuwa na kofia ya mpira ya saizi ile. Akakiziba kama anavyoziba ufa wa mzinga, akamwambia mwenye gari aende nacho Kasulu tu, akifika abadilishe. Mwenye gari aliona gari linakwenda, akasahau, akaliuza. Bazilio alisema kosa ni lake pia, alipaswa kupiga simu kuuliza. Alisema hivyo waziwazi bila kuzungukazunguka, na hotuba ya Niyibizi ikakosa pa kuingilia. Akajikuta anamkaribisha harusini. Bazilio alisema hawahi, lakini wakipita Kibondo kuna ndoo ya asali inawasubiri, isiyotoka kwenye gari.

Kofia ya mpira ilipatikana duka la pili kutoka hapo, pamoja na kibanio chake. Jioni walilitembeza gari mpaka njia panda ya Heru Juu na kurudi, wakaliacha lingurume mbele ya banda la chai. Bi Kuruthumu alijaza glasi ya chai mpaka ukingoni, akaiweka juu ya injini yenyewe. Chai ilitikisika kidogo usoni, kama inasinzia, na haikumwagika. Walikunywa huku wanaisikiliza. Nyuki walikuja, wakazunguka, wakakuta wameondolewa chao, wakaenda zao. Bi Kuruthumu alidai aombwe radhi, si yeye, sukari yake. Niyibizi aliiomba radhi sukari mbele ya mashahidi.

Usingizi wake usiku ule haukuwa mzuri hata hivyo. Gari linaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Linaweza pia kuwa na miwili.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mabonde walipopanda Heru Juu. Omary ndiye aliyeendesha, na kanzu nyingine. Riboni nyeupe na za waridi zilifungwa kutoka kwenye vioo mpaka kwenye pua ya gari, na HATUZIMI ilikuwa imefunikwa kwa maua kwa amri ya baba mdogo, aliyesema tusichokoze watu. Waliingia uani wakinguruma. "Mwakeye," walisalimu, wakaitikiwa, wakaachwa hapo.

Ndani, mashangazi walianza kuimba. Ngoma zilikuwa uani, vijana wa Heru Juu wanazipiga kama wanaolipwa kwa kelele. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine. Jua lilitoboa ukungu. Injini ilipata moto, na Niyibizi, amesimama kando ya mlango na suti iliyombana mabega, alikuwa anasikiliza kwa nyayo za miguu. Kilemba kilifungwa, kikafunguliwa. Ungeweza kujua kwa jinsi wimbo ulivyorudia ubeti. Watoto walikaa kwenye ukuta wa matofali, midomo tayari kwa mlio wa stata.

Kisha wimbo ukakatika.

Shangazi Ndihokubwayo alitoka mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya na uso wa zamani. Aliinua mkono, ngoma zikanyamaza moja moja. Alilitazama gari kutoka matairi mapana hadi juu. Alizitazama riboni. Riboni hazikutikisika hata moja.

"Limezima," alisema.

Uwanja mzima uligeukia gari. Omary alifungua mdomo. Niyibizi alimgusa bega kupitia dirishani. Alikuwa anataka kusema mengi, juu ya hewa, na nta, na watu wanaohukumu kwa macho. Aliyameza yote.

"Shangazi," alisema, "weka mkono hapa."

Shangazi hakupenda kuambiwa. Lakini alikuja, akapita katikati ya watu, akaweka kiganja juu ya boneti kati ya riboni mbili. Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, kama anayepapasa tumbo la mama mjamzito kusikia kama mtoto anacheza, na watu wote wakaacha hata kukohoa.

Ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka kwa kishindo, na Esteri akatoka. Hakuwa ameitwa. Hakuna shangazi aliyemshika mkono. Wawili walikuwa wanamkimbilia kwa nyuma na kilemba ambacho hakijakaa sawa. Alikuwa ameshika viatu vyeupe mkono mmoja na pindo la gauni mkono mwingine, shela amelitupa begani kama taulo la mtu anayekwenda kuoga. Hakumtazama shangazi, wala hakumtazama Niyibizi. Alipita mbio mpaka nyuma ya gari, akaweka viatu chini, akapachika viganja vyote viwili kwenye mlango wa nyuma katikati ya maua, akatanguliza mguu mmoja.

"Omary, tia gia ya pili," alisema. "Nasukuma."

Maua mawili yalidondoka, na chini yake yakatokea maandishi ya njano, HATU. Mtoto mmoja juu ya ukuta aliangua kicheko. Kisha kilisikika kicheko kingine, kikavu, kilichokwama kwanza kooni kama kitu kisichotumika siku nyingi, na watu walipogeuka walimwona Shangazi Ndihokubwayo, kiganja bado kiko juu ya boneti, mabega yanatikisika kuliko gari.

"Toka huko nyuma, wewe mtoto," alisema. "Linanguruma. Vaa viatu, uingie."